Baridi ya mwezi wa sita Lubumbashi: tucheze nini na mbwa ndani ya nyumba?

Fundi_Kalubwe

Wana Lubumbashi, jambo kwenu wote. Baridi imeingia. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, mbabula, majiko yetu ya makaa, zinawashwa kabla jua halijatoka, na simu yangu haipumziki. Kila mwaka ukifika mwezi wa sita ni malalamiko yale yale: mbwa anatafuna viatu, anachimba chini ya lango, analia usiku kucha mpaka jirani anataka kwenda kwa shefu wa avenyu. Nikiuliza mara ya mwisho alitolewa lini, najibiwa, "Aa papa, na baridi hii?"

Nafundisha mbwa wa watu hapa mjini: Golf, Bel-Air, Kalubwe, mara moja moja hadi Kampemba. Nimefungua uzi huu nipunguze kurudia maneno kwenye simu, nanyi mseme mnavyofanya kwenu.

Watu wanadhani mbwa anachoka kwa miguu peke yake. Wakikosa nafasi ya kumkimbiza, wanamfunga mnyororo na mambo yameisha. Kumbe pua inamchosha kuliko miguu. Pua ya mbwa ina seli za kunusa zaidi ya milioni 100. Sisi tuna milioni 5 au 6 hivi. Na akinusa anafikiri: harufu hii ya nani, imepita lini, imeelekea wapi. Mpe kazi hiyo robo saa ndani ya chumba kimoja, utamkuta amejilaza mwenyewe. Walinzi wa mbuga ya Virunga wana mbwa wa Saint-Hubert, wale wenye masikio marefu ya kuning'inia, wa kufuata nyayo za majangili, na kazi yote inafanywa na pua. Mbwa wako wa komini ya Kenya au Ruashi, hapa hapa mjini, pua anayo pia. Kazi ndiyo hana.

Mchezo wa kwanza, wa bure kabisa. Chukua kikwembe (kitenge) kilichochakaa, kitandaze chini, tupia ndakala wachache, wale samaki wadogo wakavu, au vipande vya mkate mkavu, kunja, kunja tena, halafu mpe. Jike langu Safi ni mbwa wa hapa hapa, rangi ya udongo wetu. Nilipompa mara ya kwanza alikitazama, akanitazama mimi, akarudi kukitazama. Kisha ukaanza mlio ule wa pumzi fupi fupi, masikio yakarudi nyuma, mkia ukasimama wima. Hakurarua. Aliingiza pua kwenye mkunjo, akasukuma mpaka ndakala akachomoza, akamla, akaenda mkunjo unaofuata. Alipomaliza alianza upya toka mwanzo, kuhakikisha hajadanganywa. Siku za kwanza legeza mikunjo apate haraka asikate tamaa. Akishaelewa, funga fundo.

Ukiwa na katoni, ingiza ndogo ndani ya kubwa, katikati jaza magazeti ya zamani yaliyofinyangwa, na chakula kiwe chini kabisa. Toa pini na utepe wa gundi kwanza. Ataichana yote. Mwache achane, ndiyo kazi yenyewe, wewe utafagia. Bora achane katoni kuliko kiti cha salo.

Vikombe vitatu vya plastiki, kitu chini ya kimoja, unavizungusha polepole. Huu watu wanaupenda kwa sababu unapendeza kwenye video. Mimi siuhusudu sana. Mbwa wengi wanavigonga vyote kwa mguu na mchezo umekwisha. Jaribu siku moja moja.

Ninaoupenda mimi ni wa harufu. Mchaichai unaota karibu kila parseli, kila kiwanja cha nyumba, basi kata majani mawili, yaponde, yafunge kwenye kitambaa kidogo. Mnusishe kitambaa, na papo hapo mpe ndakala. Rudia mpaka akisikia mchaichai anakuangalia wewe akidai chake. Sasa kiweke nyuma ya mguu wa meza, mwambie "tafuta". Kesho kiweke nyuma ya mlango. Wiki ijayo kiko garajini, ndani ya tairi, juu kidogo ya urefu wa pua yake. Usimwonyeshe kwa kidole. Nyamaza umwangalie: akipita karibu na harufu kichwa kinageuka ghafla kabla ya mwili, miguu inaendelea mbele wakati pua imeshabaki nyuma. Ukiona hivyo ujue ameshaipata, anatafuta tu chanzo. Mbwa mzee asiyeweza kukimbia anauweza huu. Mbwa mwoga pia, tena unamjenga, maana anashinda peke yake bila kusukumwa.

Watoto nao wana wao: mmoja anamshika mbwa kwenye barza, mwingine anajificha nyuma ya pazia akiwa na kipande cha mkate, anaita jina mara moja, ananyamaza. Mbwa anaachiliwa. Mtu mzima awepo, na anayejificha asiruke kumtisha mbwa.

Kuna na mkeka. Tandika mkeka pembeni, kila akiukanyaga mpe kitu, akilala juu yake mpe zaidi. Baada ya muda mkeka unakuwa mahali pake pa kutulia, wageni wakija unautandika na yeye anakwenda mwenyewe. Wenye mbwa wanaouchukulia hivi hivi tu ndio wanaonipigia simu mbwa akimrukia pasta.

Vyote hivi havidai kura, yaani umeme. Ikikatika jioni ndipo mchezo unanoga, maana gizani yeye ndiye anayeona.

Angalizo moja la chakula: unachompa kwenye mchezo kipunguze kwenye bukari (ugali) yake, la sivyo baridi ikiisha utakuwa na pipa lenye mkia.

---

MamaWaKatuba

Jambo papa Fundi. Miye nasoma na nacheka. Kwetu imbwa hailalake mu nyumba, imbwa iko ya inje. Tuko na byumba bibili, batoto batano na nkambo yao, muzee. Hiyo imbwa ya kuchezea kikwembe tutaiweka wapi, juu ya kabati? Na kikwembe, weye unajua bei yake leo? Imbwa yangu ikisikia baridi inaendaka kulala pa mafiga, kwenye majivu, njo mwisho. Haijakufa.

---

Fundi_Kalubwe

Mama, heshima yako. Sijasema alale kitandani. Ninaposema ndani ni popote penye ukuta na paa: barza, jiko la nje, stoo, hata kibanda chake mwenyewe. Na kikwembe nimesema kilichochakaa, kile unachopigia deki.

Majivu hayo nayaogopa kidogo. Kaa likibaki jekundu chini yake mbwa anaungua tumbo na nyayo, nimeshaona vidonda hivyo. Tafuta paleti au mbao mbili, weka juu yake gunia lililojazwa majani makavu, liwe upande ambao upepo haupigi. Saruji inanyonya joto la mwili usiku mzima. Kumnyanyua juu ya saruji kunamsaidia kuliko kumfunika. Majani ni bora kuliko nguo, nguo ikilowa inakaa na umande.

---

Zamu_wa_Golf

Mukubwa, mimi ni zamu, nalinda nyumba ya bosi mmoja huku Golf. Tuko na berje wawili, wale mbwa wakubwa wa Kijerumani. Mchana wanafungiwa kibandani, usiku tunawaachilia. Ukianza kucheza na mbwa wa ulinzi na kumpa ndakala kila mahali, ukali utapotea. Mwizi atakuja na ndakala zake mfukoni, atafunguliwa mlango.

Na tuseme ukweli, mbwa wa Lubumbashi hana baridi. Jua likishapanda hapa ni joto, unavua koti. Baridi ni ya sisi tunaokesha.

---

Fundi_Kalubwe

Zamu, kwanza pole kwa kukesha. Hilo la jua ni kweli, na wote walisikie: baridi yetu ni ya usiku na alfajiri. Usiku kipimo kinashuka mpaka nyuzi 8, kuna miaka inashuka zaidi kwenye mabonde, lakini mchana unafika 25 na anga jeupe. Mwenye nafasi mchana amtoe mbwa jua likishapanda, hakuna mchezo wa ndani unaopita matembezi mazuri. Tabu ni kwamba mchana watu wako kazini, wakirudi jua limezama, na upepo umeanza na vumbi lake.

Turudi kwa berje wako, maana hapo umenigusa panapouma. Mji huu una mbwa wengi sana wanaoishi namna hiyo: toka asubuhi hadi jioni ndani ya kibanda, wanaona ukuta na bakuli. Watu wanasema ndiyo inamfanya mkali. Inamfanya awe na wasiwasi, na mbwa mwenye wasiwasi hachagui. Leo anamrukia mwizi, kesho mtoto wa bosi aliyeangusha mpira, kesho kutwa wewe mwenyewe unayemletea chakula. Mbwa mzuri wa ulinzi anajua nani wa nyumbani na nani si wa nyumbani, na ili ajue hivyo lazima kichwa chake kiwe kimetulia.

Hapo kibandani unaweza kufanya mengi bila kumwomba bosi hata faranga. Chakula chake usikiweke kwenye bakuli siku zote. Kama ni kikavu, kitawanye kwenye majani makavu, atumie nusu saa kukitafuta. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toa kifuniko na ule mkanda wake, toboa matundu mawili ya ukubwa wa punje unazompa, jaza kidogo, mwachie aisukume. Simama hapo. Akianza kuila chupa yenyewe, mwondolee. Siku nyingine ning'iniza kitu chenye harufu ya nyumba nyingine: kipande cha nguo kilicholala kwenye banda la mbuzi au la kuku. Atakinusa asubuhi nzima, ni habari mpya kwake. Na wale wawili uwatoe kwa zamu, wakigombania ndakala mle ndani utashindwa kuwaamua.

Kuhusu mwizi na ndakala zake. Anayenunuliwa kwa ndakala ni yule asiyefundishwa lolote na mwenye njaa. Fundisha "acha": ndakala kwenye ngumi iliyofungwa, mbwa ananusa, analamba, anakwangua, wewe kimya. Akirudisha kichwa nyuma tu, sema "ndiyo", mpe ndakala mwingine kwa mkono wa pili. Akishaelewa, weka ngumi wazi. Akishaelewa hapo, weka chini. Mbwa anayejua kwamba cha chini hakiliwi mpaka apewe ruhusa si rahisi kumnunua. Ni mchezo wa ndani vile vile, na ndio wa kwanza ningewafundisha hao berje wako.

---

Munganga_Kasapa

Jambo kwa wote. Nasoma udaktari wa mifugo pale Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, niko miaka ya mwisho. Uzi ni mzuri, nina machache ya kuongeza, mengine ni ya hatari hivyo msinichukie.

La kwanza ni mbabula. Watu wanaiingiza ndani usiku, wanafunga mlango na madirisha, mbwa na watoto wote mle. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huyo mbwa mwenye pua ya milioni 100 haisikii pia. Mtu analala haamki. Kama ni kupasha chumba, pasha kikiwa wazi, kisha itoe nje kabla ya kulala. Hakuna mjadala hapo.

La pili, chakula cha mchezo. Vitunguu na vitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vibichi au vilivyopikwa, kwa hiyo usimwagie supu ya nyumbani ukidhani unamfurahisha. Chokoleti ni sumu kwake. Makayabo, samaki wa chumvi, yana chumvi nyingi mno. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Ndakala mkavu anafaa, lakini kama ametiwa chumvi mloweke kwanza, umwage maji, umkaushe tena juani. Kipande kiwe kidogo, ukubwa wa kucha. Mbwa hahesabu uzito, anahesabu mara.

La tatu, vitu vyenyewe. Vizibo vya chupa, soksi, mpira mdogo unaoingia wote mdomoni: hivyo ndivyo vinavyokwama. Mpira uwe mkubwa kuliko koo lake. Na sakafu ya karo (vigae) inateleza. Berje wengi wana nyonga dhaifu za kurithi, ukimkimbiza kwenye karo akageuka ghafla unamuumiza. Tandika mkeka au zulia kuukuu pale mnapochezea.

La nne, kama mbwa anaingia mnamolala watoto, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, viroboto wakaguliwe, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mchezo mzuri wa jioni ni huo huo wa ukaguzi: leo unamshika sikio, unampa kitu, kesho unainua mguu, unaangalia kati ya vidole, unampa kitu, kesho kutwa unainua mdomo uone meno. Siku akija kwetu hatutamfunga kamba watu watatu. Hata safari ya kuja kliniki mnaweza kuifanya matembezi: njoo naye siku asiyoumwa, apande mizani, apewe kipande cha nyama na wahudumu, aondoke. Mbwa anayekuja tu siku ya sindano atatuchukia mpaka kufa, na ana haki.

Akikung'ata mbwa yeyote, hata wako wa kucheza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

---

Kitoto_cha_Likasi

Asante sana munganga. Mimi nina swali dogo, nimehamia Lubumbashi juzi, nakaa ghorofani katikati ya mji. Nimepewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Watu wananiambia nisimtoe kabisa mpaka amalize chanjo, wengine wananiambia nimtoe azoee. Na analia usiku.

---

Munganga_Kasapa

Wote wawili wana nusu ya ukweli. Chini barabarani usimweke bado, parvo, ugonjwa wa virusi, inakaa kwenye udongo miezi mingi na inaua watoto wa mbwa haraka. Chanjo za utotoni zinarudiwa mpaka afike wiki 16 hivi, na ya kichaa cha mbwa anapewa kuanzia miezi mitatu. Lakini wiki za 3 hadi 14 ndizo anazojifunza dunia si ya kuogopwa, ukimfungia umepoteza kipindi ambacho hakirudi. Basi mbebe. Mfunge kwenye kikwembe kifuani, akiwa na joto lako, shuka naye aone pikipiki, asikie honi, aone mama mwenye beseni kichwani na mtu mwenye kofia ngumu ya mgodini. Mpeleke nyumbani kwa rafiki mwenye mbwa mzima aliyechanjwa. Hayo ndiyo matembezi yake kwa sasa.

Usiku ana baridi na ana upweke. Mtoto wa umri huo hajui vizuri kutunza joto lake. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo, katoni yake karibu na kitanda chako. Ngazi za ghorofa asizikimbie, mbebe.

---

Bi_Mwamini

Assalamu alaikum na jambo kwenu. Mimi niko komini ya Kenya, jirani yangu ana mbwa na watoto wake wamesoma uzi huu, tangu jana huyo mbwa yuko barazani kwao anatafuta mchaichai, na baraza yao na yangu ni moja. Sina ugomvi na mbwa, lakini mimi nasalia pale. Mate yake yakigusa mkeka wangu ni kazi ya kuosha mara saba. Waambieni watu wafikirie na hilo.

---

Fundi_Kalubwe

Wa alaikum salaam, Bi Mwamini. Umesema vema na nilipaswa kuandika hivyo mapema. Wenye baraza ya pamoja wapeleke mchezo nyuma ya nyumba au jikoni, na mkeka wa mbwa uwe wa mbwa, usichanganywe na wa watu. Mgeni anayeogopa au asiyetaka kuguswa pia asilazimishwe kwa yale maneno ya "hang'ati, usiogope". Mfunge mbwa mbali, mpe kikwembe chake.

---

Matonge_Baridi

Wandugu, nawasoma nikiwa Brussels na nacheka peke yangu kwenye tramu. Nyuzi 8 mnaita baridi? Huku mwezi wa kwanza nyuzi sifuri na mvua nyembamba ya siku nzima, saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia. Nina mbwa pia, yaya wangu, ndugu yangu mkubwa aliyeko Bel-Air, hakuamini kwamba namlipia bima.

Niwaambie wanavyofanya huku. Mbwa anaingia kwenye kafe nyingi, analala chini ya meza, mhudumu anamletea maji kabla hajakuuliza wewe unakunywa nini. Tramu na metro anapanda akiwa na kamba. Kwenye maduka ya chakula haruhusiwi. Kuna kumbi watu wanakodi kwa saa, sakafu ya mpira, wanafundisha mbwa kuruka vizuizi na kutafuta harufu. Huo mchezo wa mchaichai wa papa Fundi huku ni mchezo kamili wenye mashindano yake. Kuna hata mabwawa ya maji ya vuguvugu kwa mbwa wenye viungo vibovu. Na kila mbwa ana kidude cha utambulisho chini ya ngozi. Kumtambulisha mbwa ni lazima kwa sheria Ubelgiji toka 1998.

Theluji ikianguka, manispaa inamwaga chumvi barabarani. Chumvi ile inachoma nyayo, na mbwa akizilamba tumbo linamvuruga, kwa hiyo kila tukirudi naosha miguu minne kwenye beseni mlangoni. Wengine wanawavalisha viatu. Wangu nilimvalisha akatembea akiinua miguu mirefu mirefu, majirani wakatoka madirishani. Na kuna yale maji ya kuzuia rejeta ya gari isigande, matamu, mbwa anayapenda, na kidogo tu kinaua figo.

Jingine la kuwafurahisha: wazungu huku wananunua kwa pesa ndefu mbwa aitwaye basenji. Masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, habweki kama wengine, anatoa sauti ya kuimba imba. Unajua ametoka wapi? Kwetu Kongo, mbwa wa wawindaji wa msituni, wale wanaofungwa kengele ya mbao shingoni. Mmoja yuko ghorofa ya chini yangu, ana koti la sufu na daktari wake. Nikimwona nasema, ndugu yangu, sote tumefika mbali.

Na tukirudi kwa wale mbwa wa Saint-Hubert wa papa Fundi, Mtakatifu Hubert mwenyewe watu waliombea kwake dhidi ya kichaa cha mbwa. Sikukuu yake ni tarehe 3 mwezi wa 11, na sehemu za huku Ubelgiji mpaka leo mikate inabarikiwa, watu wanakula na mbwa wanapewa. Chanjo lakini wanapiga.

---

MamaWaKatuba

Papa Fundi, nimerudi. Batoto balisoma hii mambo mu telefone, banafanya nguvu. Jana kura ilikatika, batoto bote inje pa barza na imbwa. Kadogo kamoja kakajificha ndani ya pipa ya bunga, iko tupu. Imbwa ikazunguka, ikanusa mulango, ikanusa kiti ya nkambo, ikanusa nkambo, kisha ikaenda straight ku pipa na kubweka. Nkambo akacheka mpaka akalia. Imbwa yenyewe usiku haikubweka bure bure, ililala pa gunia. Ile ya majani, ndiyo, nilitengeneza.

Lakini mu nyumba haitaingia.

---

Fundi_Kalubwe

Isiingie, mama. Pipa liwe wazi tu, kifuniko kiwekwe mbali, na mwambie kadogo asijifungie.

---

Zamu_wa_Golf

Mukubwa, nilijaribu chupa. Dume ameielewa siku hiyo hiyo. Jike ameikalia, hataki dume aiguse, hata chakula hakitoki. Sasa?

---

Fundi_Kalubwe

Watenganishe, kila mmoja na chupa yake na upande wake, jike umpe kikwembe kwanza, chupa baadaye. Wengine hawapendi kitu kinachogonga sakafu.

Na kwa kuwa wengi mmeniuliza inboksi: rafiki yangu ana hangari kule Kampemba, Jumamosi mchana huwa tupu. Tunataka kukutana pale mpaka baridi ipite, mbwa wachache kwa wakati, kila mmoja kwenye kamba, hakuna kuachia kwanza. Tutaweka katoni na matairi, tutaficha mchaichai, wenye watoto waje nao. Karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nitaiangalia mlangoni, bila karatasi hakuna kuingia, hata uwe nani. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani. Kila mtu alete mkeka, sakafu ya pale ni saruji tupu, na mfuko wa kuokotea.

---

Zamu_wa_Golf

Bosi amekubali nije nao wote wawili. Karatasi zipo.

---

Fundi_Kalubwe

Lete dume Jumamosi hii. Jike tutamwona kwanza hapo kwenu, nitapita kabla hujaanza zamu.